Banti kwenye softiboli ya vyuo: lini upige, na jinsi ya kuiweka chini bila kuipaisha

Msimu wa softiboli ya vyuo Marekani ukianza tu mwezi wa pili, malalamiko ni yale yale. Mkimbiaji yuko besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne anavyovizunguka ili apate pointi), hakuna auti (mchezaji aliyetolewa), kocha anatoa ishara ya banti, binti anayepiga anageuka, mpira unapaa, mdakaji anaunyaka hewani, na mkimbiaji aliyekuwa ashaondoka anakamatwa akirudi. Auti mbili kwa mrusho mmoja. Alafu jukwaani watu wanaanza kubishana kama banti ni ujinga au sio ujinga, wakati shida ya kwanza kabisa ilikuwa gongo limekaa vibaya.

Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mawili na yote ni ya lazima, kuamua na kutekeleza. Wengi wanaoniuliza wanashika moja tu. Kocha anajua namba zote lakini wachezaji wake hawawezi kuweka mpira chini, au binti ana banti safi kabisa ila anaambiwa aipige kwenye iningi ya kwanza (iningi ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga hadi auti tatu) wakati nyuma yake wanakuja wapigaji wawili wa homurani, wale wa kuutoa mpira nje ya uwanja.

Kwa mgeni wa mchezo huu: banti ni pale mpigaji hazungushi gongo, analiweka tu mbele ili mpira uligonge na udondoke karibu. Anayejitoa ili mwenzake asogee besi moja, hiyo ni banti ya kujitolea. Anayepiga ili afike mwenyewe, hiyo ni banti ya kutafuta besi. Zitofautishe kichwani tangu sasa, manake hesabu zake hazifanani hata kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Gongo analotumia kwenye mechi, sio la mazoezi tu
- Helmeti yenye kinga ya uso. Hapa hakuna mjadala, kwenye banti uso unakuwa karibu sana na mpira
- Mipira ya softiboli kumi na kitu, ile ya njano ya mzingo wa inchi 12
- Koni nne au chaki ya kuchora uwanjani
- Saa ya kupima sekunde, ya simu inatosha
- Daftari na kalamu
- Mtu wa kurusha, na mashine ya kurushia mipira kama ipo

Na vipimo vitatu vya kuweka kichwani. Besi hadi besi ni mita 18.29, mrushaji anasimama mita 13.11 kutoka kwenye pleti (lile bamba analosimama mpigaji pembeni yake), na mechi ina iningi 7. Uwanja ni mfupi, kila kitu kinatokea haraka, ndio maana banti ambayo kwenye besiboli ni auti ya uhakika huku inaweza kuwa mbio za kukaribiana kabisa.

## Hatua ya 1: Amua kwenye karatasi kabla ya mechi

Iningi 7 mara auti 3 ni auti 21. Hizo ndizo zote ulizonazo. Zichukulie kama bando la siku lisiloongezwa, ukitoa moja bure ujue umenunua nini.

Namba zinazotajwa sana kwenye ubishi huu zinatoka kwenye besiboli ya MLB, ligi kuu ya Marekani, miaka ya 2010 hadi 2015. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza bila auti, timu kwa wastani ilipata pointi 0.86 hadi iningi iishe. Mkimbiaji akiwa besi ya pili na auti moja, yaani banti imefanikiwa kabisa, wastani ulishuka hadi 0.66. Umefanikiwa na bado umeshuka! Hata nafasi ya kupata angalau pointi moja haikupanda, ilitoka kama asilimia 42 ikaenda 40.

Hapo wanaochukia banti wanafunga mjadala. Ila angalia hali nyingine, wakimbiaji wawili, besi ya kwanza na ya pili, hakuna auti. Ukiwasogeza wote kwa banti, wastani unashuka kidogo tu, kutoka 1.44 hadi 1.38, lakini nafasi ya kupata angalau pointi moja inapanda kutoka asilimia 61 hadi 68 hivi. Ukihitaji pointi moja tu ili ushinde, hii ni biashara nzuri. Ukiwa nyuma kwa pointi tatu, ni hasara.

Sasa ile banti ya kutafuta besi. Mkimbiaji yuko ya kwanza, hakuna auti. Mpigaji akifika salama unakuwa na wawili bila auti, 1.44. Akishindwa lakini mwenzake kasogea, 0.66. Piga hesabu utaona kwamba akifika salama mara moja kati ya nne hivi, banti yake haijakugharimu chochote ukilinganisha na ile 0.86. Ongeza kidogo kwa ajili ya zile zinazopaa, sema mara tatu kati ya kumi. Kwa binti mwenye mbio hilo linawezekana kabisa, na hapa ndipo ubishi mwingi unapoharibika, watu wanatumia hesabu ya banti ya kujitolea kumhukumu mchezaji ambaye hajitolei kitu, anaitafuta besi yake.

Tahadhari: hizo ni namba za besiboli ya wanaume, zichukue kama mizani ya kuanzia tu. Tengeneza zako. Kila iningi andika kwenye daftari hali ya besi na auti, na pointi zilizopatikana baada ya hapo hadi iningi iishe. Msimu wa kawaida wa NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) daraja la kwanza unaruhusu hadi mechi 56, kwa hiyo ukiandika kwa uaminifu, zako na za wapinzani, mwisho wa msimu una kitu cha kusimamia.

Kitu kingine, matokeo yanataka nini? Fainali ya ubingwa wa vyuo ya 2025 pale Oklahoma City iliisha kwa mechi tatu: Texas 2, Texas Tech 1; ya pili Texas Tech 4, Texas 3; ya tatu Texas 10, Texas Tech 4. Timu zile zile, na mrushaji wa Texas Tech, NiJaree Canady, alianza zote tatu. Kwenye ile ya 2 kwa 1 pointi moja ndio mechi nzima. Kwenye ile ya 10 kwa 4, kumpa mpinzani auti ya bure iningi ya kwanza ni kumsaidia kazi. Shida ni kwamba iningi ya kwanza hujui uko kwenye mechi ipi kati ya hizo, ndio maana mimi msimamo wangu ni huu na siutikisi: iningi nne za mwanzo banti ya kujitolea iwe adimu, kuanzia ya tano tazama ubao wa matokeo ndio uamue.

Na usinitajie timu ya chuo cha Oklahoma walivyopiga homurani 161 mwaka 2021, rekodi ya NCAA wakati huo, wakabeba na ubingwa, kama ushahidi kwamba banti imekufa. Ni ushahidi kwamba ukiwa na wapigaji wale, usiwape ishara ya banti. Wako wanapiga hivo?

Utajua hatua hii imekaa sawa pale ukiwa na karatasi yenye jina la kila mpigaji na mbele yake moja kati ya haya: habanti kabisa, anabanti iningi za mwisho tu, au anabanti muda wowote akiona nafasi.

## Hatua ya 2: Soma uwanja na mrushaji

Kabla binti hajaingia kwenye boksi (mstatili uliochorwa pembeni ya pleti, anamosimama mpigaji) aangalie walinzi wa besi ya kwanza na ya tatu. Wamesimama mbele ya besi zao au nyuma? Wakiwa wamesogea sana mbele, banti ya kutafuta besi iache, bora azungushe au asukume mpira upite pembeni yao. Wakiwa wamerudi nyuma, hapo ndipo.

Alafu mrushaji. Mpira unaozama ni rafiki wa banti, wenyewe unataka kwenda chini. Mpira unaopanda ndio muuaji. Unakuja kama uko usawa wa kifua alafu unaonekana unapanda hadi machoni, binti anaufuata kwa mikono, kichwa cha gongo kinabaki chini, mpira unagonga nusu ya juu ya gongo na kupaa. Nusu ya banti zinazokufa hewani nilizoziangalia kwa makini zina picha hii hii.

Tena ujue, ile sheria ya mpira wa juu ndani ya uwanja, inayowalinda wakimbiaji, haihusu banti. Kukiwa na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, mlinzi mjanja anaweza kuacha mpira wako uanguke bila kuugusa kisha awakamate wawili.

## Hatua ya 3: Miguu

Simama ndani ya boksi, sehemu yake ya mbele, upande wa mrushaji. Boksi la mpigaji lina urefu wa mita 2.13 na sehemu kubwa yake iko mbele ya katikati ya pleti, itumie. Sababu ni kwamba ukiugusa mpira ukiwa mbele ya pleti una nafasi kubwa ya kuangukia ndani ya mistari, ukiugusa nyuma mwingi unakuwa faulo, yaani unatoka nje ya mistari.

Kugeuka kuna namna mbili. Ya kwanza unahamisha miguu yote umtazame mrushaji. Ya pili unazungusha tu visigino na nyonga, miguu inabaki ilipokuwa. Wanaoanza nawafundisha ya pili, manake ni ya haraka, haimwambii mlinzi mapema, na huwezi kukanyaga nje.

Hilo la kukanyaga nje ni zito. Mguu wako ukiwa chini, mzima nje ya mistari ya boksi wakati gongo linagusa mpira, ni auti, na wakimbiaji wanarudi walikotoka.

Magoti yakunjwe, uzito mbele ya nyayo. Ukimsukuma kidogo begani akaenda nyuma, amesimama vibaya, mrudishe aanze upya.

## Hatua ya 4: Mikono na gongo

Hapa usiharakishe.

Mkono wa chini unabaki kwenye mpini. Mkono wa juu unateleza hadi karibu katikati ya gongo, na vidole vinabana kwa nyuma, kidole gumba na cha shahada, vingine vimekunjwa kama ngumi. Usizungushe vidole mbele ya gongo. Mrushaji mzuri wa chuo anatupa kilomita 105 kwa saa na zaidi, kidole kikiwa katikati ya mpira na gongo kinavunjika, na msimu wa huyo binti umeisha.

Gongo liinuliwe hadi juu kabisa ya eneo la straiki (pale ambapo mrusho ukipita unahesabiwa dhidi ya mpigaji, straiki tatu ni auti), kichwa cha gongo kikiwa juu kidogo ya mikono, na macho yawe karibu na usawa wa gongo. Kwa nini juu kabisa? Kwa sababu ukianzia juu, mpira wowote ulio juu ya gongo lako sio straiki, hauna sababu ya kuufuata, unavuta gongo nyuma waziwazi muamuzi aone na unaupokea kama mpira mbaya. Na ule mpira unaopanda, ambao ndio unaua watu, unakuwa umeshautatua bila kufanya chochote.

Mpira ukija chini unashuka kwa magoti. Mikono haishuki yenyewe, manake mikono ikishuka kichwa cha gongo kinashuka kwanza, na tumerudi kwenye mpira unaopaa.

Mwambie ashuke hadi usawa wa magoti na kupanda tena mara kadhaa bila mpira wowote, ukiwa umesimama pembeni. Pembe ya gongo isibadilike. Ikibadilika, usimrushie mpira bado.

## Hatua ya 5: Chagua upande kabla mpira haujaja

Upande unawekwa na mkono wa chini. Ukiuvuta mpini karibu na mwili gongo linaangalia huku, ukiusukuma mbele linaangalia kule. Weka pembe mapema, kabla mrushaji hajaachia, sio kugeuza gongo mpira ukiwa njiani. Mpira wa kilomita 105 unafika kwa kama sekunde 0.4, hakuna muda wa kubadilisha mawazo.

Mkimbiaji akiwa besi ya pili, napenda upande wa tatu, umlazimishe mlinzi wa tatu atoke kuufuata, ili shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) akimbie kwenda kufunika besi huku mkimbiaji wako naye anakimbilia pale pale. Akiwa besi ya kwanza, tafuta mlinzi wa pembeni mwenye mkono dhaifu au aliyesimama nyuma zaidi. Popote utakapochagua, usimrudishie mrushaji. Banti inayoenda moja kwa moja kwake ndiyo inayomuua mkimbiaji wa mbele.

## Hatua ya 6: Pokea mpira

Usiusukume. Kasi ipo tayari kwenye mpira, kazi yako ni kuiua. Gusa kwa theluthi ya mwisho ya gongo, karibu na ncha, sio pale katikati ya unene ambapo mpira unaruka vizuri. Viwiko vilegee kidogo ili gongo lirudi nyuma nusu ya kiganja linapoguswa.

Weka koni kuchora tao la mita 2.5 mbele ya pleti na lingine la mita 4.5. Banti nzuri inafia katikati ya hayo mawili. Ikiishia kabla ya la kwanza mdakaji anaichukua, ikipita la pili mlinzi anaikuta mapema na ana muda wa kutazama besi ya pili.

Mlio nao unakwambia. Banti iliyopokelewa vizuri inalia kwa chini, tep, mpira unaanguka na kudunda mara mbili tatu kwenye vumbi. Ukisikia mlio mkali ule wa kupiga kweli, mikono ilikuwa imekaza.

## Hatua ya 7: Kukimbia, na wakimbiaji wanafanya nini

Mpigaji haondoki kabla ya kugusa. Kwenye banti ya kujitolea hasa, mwambie aone mpira umegusa ardhi ndio akimbie, wengi wanaangalia besi ya kwanza wakati mpira bado uko hewani. Akishatoka, asikanyage wala kugusa mpira wake mwenyewe ulio ndani ya mistari, ni auti.

Nusu ya mwisho ya njia akimbie ndani ya ule ujia wa kulia kwa mstari. Mrusho unatokea nyuma yake, na akiwa upande wa ndani akauzuia anapigiwa auti.

Mkimbiaji aliye besi haruhusiwi kutoka kabla mrushaji hajaachia mpira. Hii ndiyo inafanya banti ya kujitolea kwenye softiboli iwe ngumu kuliko watu wanavyodhani, manake hana hatua za kuiba mapema. Kwa hiyo atoke mrushaji akiachia, asimame hatua tatu nne akiangalia pembe ya mpira: ukienda chini anakimbia, ukipaa anarudi. Asikimbie kwa imani. Yule wa mwanzo wa mwongozo huu, aliyekamatwa akirudi, alikimbia kwa imani.

Pima kwa saa kutoka gongo kugusa hadi mguu kugusa besi. Karibu na sekunde 3 ni kawaida. Chini ya 2.8 una mtu wa banti ya kutafuta besi, rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1 ubadilishe alama yake.

## Hatua ya 8: Mazoezi kwa ngazi

1. Mpira wa kurushwa polepole kutoka mbele, pembe tu, usijali kasi.
2. Mashine kwenye kasi ya chini, mipira yote straiki, lenga koni za upande wa tatu hadi uchoke, alafu wa kwanza.
3. Mashine hiyo hiyo ila changanya mipira ya juu sana. Hapa anayevuta gongo nyuma kwa wakati anapata alama sawa na aliyeweka banti.
4. Mrushaji wa kweli, walinzi wa kweli, mkimbiaji wa kweli.

Usipande ngazi hadi nane kati ya kumi zinafia kwenye tao. Kosa la timu nyingi ni kwamba wanabanti mipira mitano laini kabla ya zoezi la kupiga, wanaita hayo mazoezi, alafu wanategemea muujiza kwenye iningi ya saba.

## Skwizi na slapu, kwa kifupi

Skwizi ni banti yenye mkimbiaji besi ya tatu. Ya kujitoa mhanga, mkimbiaji anaondoka mrushaji akiachia na haangalii nyuma, kwa hiyo mpigaji lazima auguse mpira wowote, hata wa ovyo. Ya usalama, mkimbiaji anasubiri aone umeenda chini. Kama banti za binti hazijafika nane kati ya kumi, usimpe ya kujitoa mhanga.

Slapu ni ya wapigaji wa mkono wa kushoto wanaopiga huku wameshaanza kukimbia. Inahitaji mwongozo wake, ila usimfundishe kabla banti haijakaa, na mguu wa nje ya boksi ndio utakaomponza kila mara.

## Ikigoma, angalia haya kwanza

Inapaa: kichwa cha gongo kiko chini ya mikono, au alianzia chini. Rudi hatua ya 4.

Inakuwa faulo kila mara: anaugusa nyuma sana. Msogeze sehemu ya mbele ya boksi, mikono iende mbele ya mwili.

Iko chini lakini mkimbiaji wa mbele anauawa: ni ngumu sana au inaenda kwa mrushaji. Ncha ya gongo, na pembe mapema.

Kila kitu sawa mazoezini, mechini hamna: mara nyingi ishara inatoka akiwa ameshaingia kwenye boksi na moyo unamwenda mbio. Mwambie akiwa bado anasubiri zamu yake kwamba fulani akifika besi, wewe unabanti upande wa tatu.

Na akishakuwa na straiki mbili, ondoa ishara. Banti ya faulo kwenye straiki ya tatu ni auti moja kwa moja, mwache azungushe.